Droo za Mama Odeta

Sikio langu la kulia limebaki karakana. Nimestaafu na la kushoto tu, na hilo nalo likichoka linachagua lenyewe la kusikia. Ruta, ile mashine ya umeme ya kuchimba mifereji kwenye mbao, ndiyo iliyolichukua, maana siku zile fundi akiziba masikio alionekana anadeka. Basi nyie mliobaki pale, mkinisalimia njiani nikapita kama sijawaona, msinune. Zungukeni mje upande wa pili.

Mmenitaka niandike habari za kazi. Za vyeo sina, na za mshahara mnazijua wenyewe. Nitaandika jinsi ya kuchagua kisu cha ruta kwa kazi ya droo, kwa sababu kila nikipita hapo naona bado mnakosea, na nitaandika habari za kabati moja ambalo mpaka leo sijalitua.

Niliingia karakana ya ushirika hapa Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitokea shule ya ufundi ya misheni. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Cheti changu walikisoma, wakakisifu, halafu wakanipa ufagio. Nilifagia mpaka vumbi likaanza kunifahamu. Aliyeninyang'anya ule ufagio ni Mzee Desideri, Mfipa mmoja mwenye maneno machache, fundi wa makabati, mtu ambaye tangu siku ya kwanza nilimwona kama ameshachoka tayari. Aliniweka mbele ya meza mbili za ofisi zilizoletwa kutengenezwa, akaniambia nifumbe macho, nivute droo ya meza ya kwanza kisha ya pili. Ya kwanza ilitoka ikitetemeka. Ya pili ilitoka taratibu, kimya, na ikasimama pale nilipoiachia.

"Hiyo ya kwanza ni misumari," akasema. "Hiyo ya pili ni mikia ya njiwa, meno ya mbao yanayoumana. Sasa fumbua macho tuanze kazi."

Ruta yenyewe ilikuwa moja tu, nzito kama sufuria la ubwabwa wa msiba, iliyoachwa na bruda mmoja alipoondoka. Visu vyake vilikaa kwenye vikopo vya filamu, kila kimoja na kitambaa chake chenye mafuta. Ninyi leo visu mnavitupa vyote kwenye droo moja, vinagongana na kumegeka, halafu mnalalamika kwamba vya siku hizi havina maana. Havina maana kweli, lakini na nyie mnavisaidia.

Kwa droo mnahitaji visu viwili tu, msidanganywe na seti zenye visu vingi vya rangi rangi. Cha kwanza ni kisu nyoofu, cha kuchimba mfereji wa kupokea plaiwudi ya chini. Chagueni kilicho chembamba kuliko plaiwudi yenyewe, mpitishe mara mbili, kwa sababu plaiwudi haijawahi kuwa na unene ulioandikwa dukani. Cha pili ni kisu cha mkia wa njiwa, kipana chini, chembamba juu, ambacho ndicho kinachokata meno ya pembe za droo. Shina la kisu liwe nene kadiri ruta yenu inavyopokea, maana shina jembamba linatikisika. Ncha ziwe zimebandikwa kile chuma kigumu, kabaidi, si chuma kitupu. Chuma kitupu kwenye miti yetu ya huku kinafanya kazi asubuhi, mchana kinaanza kuchoma.

Kisu cha mkia wa njiwa hakishushwi kidogo kidogo. Kina chake kinawekwa mara moja, unajaribu kwenye vipande vya taka, na ukishaanza kukata huinui ruta mpaka kisu kimetoka nje ya ubao na kimesimama. Ukiinua katikati, kinakula kiungo na kinakula fremu ya kuongozea. Meno yakilegea, shusha kisu kidogo. Yakibana, pandisha. Vijana wengi hufanya kinyume, halafu wanapandisha hasira.

Jenereta letu lilikuwa dogo. Msumeno wa duara ukiwashwa, ruta ilikuwa inalegea, na kisu kilicholegea hakikati, kinaunguza. Kwa hiyo Mzee Desideri alipotaka kukata mikia aliinua mkono, na karakana nzima ikazima mashine. Wengine walivuta sigara, wengine walimsema chini chini. Mimi niliupenda ule ukimya. Ndio uliokuwa mapumziko yetu, na sidhani kama yeye alijua.

Sasa nije kwenye kabati.

Mwezi wa kumi, jua likiwa kali hata mbwa wamehamia chini ya benchi letu, lori la tumbaku lilisimama mlangoni, akashuka mama mmoja na mzigo wa mbao. Alikuwa anatoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mrundi, mjane, na alikuja na kibali cha kutoka makazini amekikunja ndani ya sidiria kama pesa. Tulimwita Mama Odeta kwa jina la binti yake, ambaye alikuwa anaolewa mwezi wa kwanza, Noeli ikishapita, na ukoo mmoja wa mjini hapa hapa Mpanda. Alitaka kabati la droo.

Alitueleza sababu bila kuficha. Siku ya kupeleka vitu vya bibi harusi, mashangazi wa bwana harusi hufungua kila kitu mbele za watu. Wanakung'uta vitenge, wanachungulia sufuria, wanavuta droo moja moja. Kisichofunguka kinasemwa mpaka watoto wazaliwe na wakue.

"Dada yake alienda na mkeka na sufuria," akasema. "Walimwambia mkimbizi kaja kuwaongezea njaa. Akavumilia, akavumilia, mwisho akarudi kwangu na mtoto mgongoni. Huyu mdogo sitaki aambiwe hivyo."

Mbao zilikuwa za mti mmoja wa mtundu, upande wa Ugalla, ambao marehemu mume wake alikuwa akiuning'inizia mizinga ya nyuki. Alipokufa, mama akaupasua mti. Alitaka Odeta aende kwa mume na kitu cha baba yake. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa amemwonya kwamba mbao mbichi zinapinda, alifanya walichofanya wakulima wengi wa tumbaku waliokuwa na haraka. Majani yalipotoka banini, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, akazipanga mbao zake humo kwenye vichanja vya tumbaku, akawasha moto kama anakausha zao la mwaka.

Zilikuwa nyepesi ajabu. Mzee Desideri aligonga mmoja kwa kidole, ukalia. Akaupitisha kwa kila fundi augonge, na sote tukasifu. Zilinuka tumbaku mpaka mmoja wetu akasema tukikosa sigara tutakuwa tunalamba benchi. Karakana ile miaka yote ilikuwa inapigana na mbao mbichi. Hakuna aliyewahi kuletewa ubao mkavu kupita kiasi, kwa hiyo hakuna aliyejua kuuogopa.

Mama Odeta akaomba jambo moja zaidi: mbao za mbele za droo ziwe za mninga. Mzee alinung'unika kwamba kabati la mti mmoja hukaa vizuri zaidi.

"Mzee, watu wa mjini wanaangalia mbele," mama akamjibu.

Mzee akachukua futi akaanza kupima mbao. Alikuwa mtu wa kubishana mara moja tu.

Siku ya kukata, mkono ukainuliwa, mashine zikazimwa, ruta ikalia. Katikati ya ubao wa pili cheche ikaruka na mlio ukabadilika. Mzee akazima. Ndani ya mbao kulikuwa na waya, kipande cha waya wa kufungia mzinga ambao mti ulikuwa umeukulia mwili ukaumeza. Kisu chetu pekee cha mkia wa njiwa kilikuwa kimemegeka jino kwenye kona. Mzee alikitazama kwa karibu sana, akakisogeza mbali, akakirudisha tena karibu, na hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake yalikuwa yanakwenda. Waya ule aliuchomoa kwa koleo, akampa Mama Odeta alipokuja. Mama aliufunga kwenye pindo la kanga.

Tulimaliza na kisu kile kile kilichomegeka, maana kingine kilikuwa Dar, na Dar ilikuwa mbali kuliko ilivyo leo. Meno yaliingiana kwa kubana kweli kweli, tukayagongea kwa nyundo na kipande cha mbao. Kubana ndiko kulikokuwa sifa yetu. Fundi wa Mpanda alikuwa akimwonyesha mteja pembe ya droo na kumwambia apitishe wembe kama anaweza. Tukapaka gundi, tukazibana kwa klempu, tukapanga droo zote ndani ya kabati, nyekundu mbele, zimetulia. Lilikuwa zuri. Nikilikumbuka lile la kwanza mpaka leo naumia kidogo.

Kisha mvua zikaanza.

Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha tulifungua karakana tukakuta ubao wa mbele wa droo ya chini, ile ya kina kirefu kuliko zote, umepasuka kutoka kona moja mpaka nyingine. Wa juu yake ulikuwa umeanza. Kabla ya wiki kwisha droo hazikuvutika tena, na mbao mbili zaidi za mbele zilikuwa na nyufa.

Mzee alikaa mbele ya kabati lile siku nzima. Jioni akaniita, akanionyesha kwa kidole. Mninga hauna tamaa. Mvua ikija unakunywa kidogo unatosheka, unabaki pale pale. Mtundu unakunywa sana, na huu uliotoka banini ulikuwa na kiu ya mti mzima. Mbao za ubavuni zilikuwa zimevimba, zikataka nafasi, na kwa kuwa meno yalikuwa yamebana bila hata pumzi, zikaupasua ubao wa mbele ambao hautaki kusogea. Ndiyo maana nawaambia kila siku, na mnaniona bibi mwenye maneno: msifunge miti miwili yenye kiu tofauti kwenye droo ya kina kirefu. Na kiungo kiingie kwa kiganja. Kikitaka nyundo, rudi kwenye ruta upandishe kisu.

Mama Odeta alikuja siku ya soko. Mzee hakuzunguka. Alimwonyesha nyufa, akamweleza. Mama akakaa chini palepale kwenye maranda, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Nimezikausha mwenyewe," akasema. "Kwa moto wangu mwenyewe."

"Na mimi ndiye niliyezigonga nikazisifu," Mzee akamwambia.

Kulikuwa na njia moja tu. Mbao nyingine za mti ule hazikuwepo. Mgongo wa kabati tulikuwa tumeujenga kwa mtundu ule ule, na huo ungetolewa ugeuzwe mbao za mbele, nyuma tuzibe plaiwudi. Za ubavuni tungekata meno yaliyoharibika na kuanza upya, droo zipungue urefu kidogo. Lakini kabati lote lingekuwa mtundu, bila mninga hata kidogo.

"Watasema kabati la mkimbizi," mama akasema. "Halina hata uso."

"Watasema," Mzee akajibu. "Lakini litafunguka."

Mama alikaa pale mpaka maranda yakamganda kwenye kanga. Mwisho akainuka, akajikung'uta, akasema sawa.

Halafu ikaja sehemu iliyotuchosha sote. Mzee alizing'oa mbao zote, akazisimamisha chini ya paa la nje mahali upepo wa mvua unapita, na akakataa kuzigusa. Ziache zinywe, alisema. Zikishiba ndipo tutakata. Mama Odeta akawa anakuja kila siku ya soko, amelowa, na kila akija anakuta mbao zimesimama ukutani vile vile kama watu waliofukuzwa shule. Mara ya kwanza aliuliza kwa adabu. Mara ya pili hakuuliza. Noeli ilipokaribia alisimama mbele ya Mzee na sauti yake ikapasuka.

"Fundi, unasubiri nini? Mwanangu aende na mkeka kama dada yake? Niambie mapema nikatafute mkeka."

Mzee alimtazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. "Mama, nikikata leo nitakukatia aibu. Niongeze siku."

Mama aliondoka bila kuaga. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi. Nilirudi nikamwambia Mzee kwamba tukichelewa mimi sitakuwa na uso wa kumtazama yule mama tena. Akaniambia hata yeye.

Wakati wa kungoja alinifundisha kunoa kisu cha ruta. Jiwe la kijani, maji kidogo, na unanoa upande wa ndani tu, ule bapa. Ule wa nje huugusi kamwe, ukiugusa unabadilisha upana wa kisu na hakitakata tena kipimo chake. Ncha ya kabaidi hainoleki upesi. Nilikaa na jiwe lile mpaka vidole vikaota malengelenge, jino lililomegeka likabaki limemegeka, lakini mengine yalikata unywele.

Siku za Noeli zilipoisha na mwaka ukageuka, Mzee aligonga mbao. Hazikulia tena. Sauti ilikuwa nzito, ya kushiba. Akaniambia nichukue ruta mimi.

Nilikuwa sijawahi kuikata kazi yake. Akasimama ubavuni mwangu, akainua mkono, karakana ikazima. "Sukuma taratibu," akasema. "Mlio ukishuka, ngoja upande. Kwanza kwaruza ukingo kidogo ndipo uingie, mtundu unamegeka." Nilikata. Jino lililomegeka liliacha mstari mwembamba ndani ya kila kiungo, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Kila nilipomaliza pembe moja alipitisha kidole gumba ndani ya meno, na kidole kile ndicho kilichokuwa macho yake. Pembe zote zikaingia kwa kiganja. Kwa kuwa mbao zilikuwa zimeshiba na hazingevimba zaidi, aliniamuru nizikaribishe droo na kabati mpaka karatasi tu ipite. Nyuma nikaziba plaiwudi bila kuacha tundu.

Kabati lilitoka jeupe jeupe, na harufu ya tumbaku haikutoka hata kwa vanishi.

Siku ya kupeleka vitu ilikuwa ya mvua. Mama Odeta alitaka mimi na Mzee tuwepo, nadhani ili kama kuna aibu tuigawane. Nyumba ya bwana harusi ilijaa, mabati yanapigwa na maji, na shangazi mkubwa, mama mnene mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, alikuwa ameshakung'uta vitenge vyote. Akafika kwenye kabati. Akalizunguka.

"Mbona jeupe hivi?" akauliza. "Mninga umekwisha Mpanda nzima?"

Watu wakacheka. Niliona mkono wa Mama Odeta umeshika pindo la kanga, pale alipofunga ule waya.

Shangazi akavuta droo ya juu kwa vidole viwili, kama mtu anayetarajia kuvuta tena. Ikatoka. Akavuta inayofuata, ikatoka. Akainama, akavuta ya chini, ile iliyokuwa imepasuka, nayo ikaja kimya. Akazirudisha za chini. Mzee Desideri alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza tu. Kisha shangazi akaisukuma ile ya juu irudi mahali pake, na ilipokuwa inaingia, droo ya chini ikatoka yenyewe, kidogo, kiasi cha kiganja, ikasimama.

Fundi anajua ni nini: droo zimekaa vizuri kiasi kwamba hewa haina pa kupita, ukifunga moja inasukuma nyingine. Lakini mle ndani hakukuwa na mafundi. Shangazi akaisukuma ya chini polepole, ya juu ikachungulia. Hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya tumbaku, na iliwafikia hata waliokaa mlangoni.

"Hili kabati linapumua," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mama Odeta alimtazama binti yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Baba yako amekuja kukusindikiza," akamwambia.

Shangazi akakaa chini karibu na Odeta, akamshika goti, na hakuuliza tena habari za mninga. Wakaanza kuimba. Mzee Desideri akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata bega.

"Binti, nipeleke nyumbani," akasema. "Nimechoka."

Nikamshika mkono tukatoka kwenye mvua. Hakurudi karakana tena. Kikopo chenye kile kisu kilichomegeka alinitumia baadaye, nami nimekitumia mpaka nikastaafu. Siku ile nilidhani anazungumzia miguu.